Mkia wa Nyumbu wa Mzee Senteu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Inatangazwa, kwa yeyote ambaye jambo hili linamhusu, kwamba ndoo ya ofisi ya Wakili Vedasto Hhando, Karatu mjini, imehamishwa rasmi kutoka kona ya kabati la mafaili kwenda chini ya kiti cha wateja. Sababu ya uhamisho ni masika: paa limefunguka mahali papya. Ndoo imepokea wadhifa wake kwa utulivu, na hadi jioni ilikuwa imejaa nusu.

Wateja: hakuna. Kwa hiyo hakuna aliyekikosa kiti.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Wateja: hakuna. Bernadina, karani wangu, amemaliza kufuma kitambaa cha meza na ameanza kingine. Ofisi yetu ina meza mbili. Sijamuuliza cha tatu kitakuwa cha nini.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja mteja, na amekuja na watu sita.

Mteja ni Mzee Senteu, wa huko juu Ngorongoro, msemaji wa rika lake. Ni mrefu, mkavu, na ana namna ya kukaa kwenye kiti kana kwamba kiti ndicho kilichoomba. Alikaa kwenye kiti, juu ya ndoo, bila kuuliza kwa nini pembeni yake kunalia tone. Ameongozana na mke wake, Nareyu, ambaye wote wanamwita Mama Naeku, na wazee watano wa rika lake wakiongozwa na mmoja aitwaye Parmuat. Wazee walisimama kando ya ukuta, kila mmoja na blanketi lake jekundu na mgwisho wake wa kufukuzia nzi. Mteja wangu peke yake hakuwa na mgwisho. Wake uko kwenye bahasha ya serikali.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi uliopita, karibu na geti la hifadhi, Mama Naeku alikuwa akiuza shanga kwa watalii na mzee amesimama pembeni yake anafukuza nzi. Mtalii mmoja akauliza, kupitia dereva wake, ule mkia ni wa mnyama gani. Mzee akajibu kwa sauti ya baraza: nyumbu, dume, mkia alioachiwa na marehemu baba yake. Dereva akatafsiri. Mtalii akafurahi. Na askari wa wanyamapori aitwaye Yohani, aliyekuwa anakunywa chai hatua chache kutoka pale, akaweka kikombe chini.

Hati ya mashtaka inasema: kupatikana na nyara za serikali, yaani mkia mmoja wa nyumbu, bila kibali. Mzee yuko nje kwa dhamana.

"Adhabu yake nini?" aliuliza Parmuat.

"Ishirini."

"Ng'ombe?"

"Miaka."

Wakacheka wote sita, hata mteja. Nimekuwa wakili karibu nusu ya maisha yangu, na bado watu huniamini zaidi ninapowatia moyo kuliko ninapowaambia sheria. Mama Naeku peke yake hakucheka. Alikuwa akiangalia ndoo.

"Kwa kufukuza nzi?" akauliza mzee, alipoona mimi sicheki.

"Kwa ulichofukuzia, mzee."

Akanikagua uso. "Wewe ni Mwiraqw?"

"Wa Daa, mzee."

"Babu zako walichimba nyumba chini ya ardhi ili babu zangu wasiwaone."

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri, kijana. Basi nitafutie shimo."

Nina miaka hamsini na minne. Ni muda mrefu tangu mtu aniite kijana, na nakiri nilikubali kesi kwa sababu hiyo.

Jumatatu, 10 Machi

Mahakamani mara ya kwanza. Karani akasoma mashtaka, Mheshimiwa Hakimu akauliza kama ni kweli au si kweli. Nyuma yetu benchi zima lilikuwa blanketi jekundu. Mteja wangu akanyoosha mgongo.

"Ni kweli," akasema. "Tena dume."

Nikapatwa na kikohozi. Nilikohoa mpaka Mheshimiwa akaweka kalamu chini.

"Mheshimiwa, mteja wangu anamaanisha si kweli."

"Amesema dume, Wakili."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Si kweli kwamba ni dume, na yale mengine yote pia si kweli."

Imeandikwa si kweli. Wakili wa Serikali ni binti aitwaye Doreen, ametoka Dar mwaka huu huu na bado anavaa viatu vya Dar, vile vyepesi vinavyokunywa tope. Wakati tunatoka akaniambia, "Wakili msomi, pole na kikohozi. Jaribu tangawizi." Alisema kwa upole kabisa. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Ndoo imerudi kona ya kabati.

Jumatano, 19 Machi

Nimekaa na mteja kutafuta lile shimo. Anasema mgwisho ulikuwa wa baba yake, na wazee walimkabidhi siku alipofanywa msemaji. Bila huo haongei kikaoni, na asipoongea kikaoni nafasi yake ya mbele atakaa mwingine. "Parmuat ana matako mapana," akasema. "Akikaa hatoki."

Nikamwambia hoja yetu itakuwa kwamba mkia ni wa urithi, wa zamani kuliko sheria yenyewe. Alipoondoka nikamsomea Bernadina maelezo yangu. Akasikiliza huku anafuma.

"Bosi, kibali mzee anacho?"

"Hana."

"Na anasema ni wa nyumbu?"

"Anasema."

"Basi hiyo si hoja, hiyo ni sala."

Nilimwona mteja wangu kuwa mkaidi na mwenye majivuno. Naandika hivi ili nikumbuke.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya shahidi wa Jamhuri, askari Yohani. Alikuja na bodaboda katikati ya mvua, kielelezo kifuani ndani ya bahasha, akafika bahasha imekuwa uji. Mgwisho ukalazwa juu ya meza, umelowa chapachapa, mpini wake wa shanga za bluu na nyeupe unang'aa.

Na harufu. Sijui niieleze vipi. Ilipanda kutoka pale mezani kama mtu anayeamka. Mheshimiwa, ambaye ni mtu wa Singida na si mtu wa kudeka, aliomba dirisha lifunguliwe. Ni harufu ninayoifahamu, naapa, kama jina la mtu uliyesoma naye darasa la tatu: uso unauona, jina linakataa kuja. Mama Naeku alinyanyuka akatoka nje kwenye mvua. Mzee Senteu aliangalia dari.

Kisha nikasimama kumhoji shahidi. Somo la kwanza kabisa la kazi yetu ni kwamba usimuulize shahidi swali ambalo hujui jibu lake. Nimelifundisha somo hilo kwa vijana watatu.

"Shahidi, umejuaje kuwa huu ni mkia wa nyumbu?"

"Kwanza kwa weusi wake. Pili kwa singa zake zilivyo. Tatu, mshtakiwa mwenyewe alisema."

"Mshtakiwa ni mtaalamu wa wanyama?"

"Ameishi nao miaka sabini, Mheshimiwa."

Nyuma yangu, wazee watano wakanguruma kwa kukubali. Wateja wangu huwa wanashtakiwa na Jamhuri. Huyu anashtakiwa na Jamhuri pamoja na heshima yake.

Jumanne, 25 Machi

Nimenusa koti langu. Si mimi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mama Naeku amekuja, peke yake, amelowa mpaka kwenye shanga za masikio. Alikataa kiti. Alisema analotaka kusema halisemwi umekaa.

"Wakili, mkia ule si wa nyumbu. Ni wa punda wangu."

Papo hapo ile harufu ikapata jina. Mimi, mtoto wa Daa, niliyeteka maji na punda tangu nilipoweza kutembea, niliyelala na punda upande wa pili wa ukuta wa udongo. Miaka ya kusoma sheria imeniondolea mambo mengi, sikujua pua ni mojawapo.

Kutoka meza ya pili Bernadina akasema, "Mimi niliisikia siku ile uliporudi mahakamani. Nikadhani ni wewe."

Kisa cha Mama Naeku ni kifupi. Miaka minane iliyopita, masika kama haya, mzee alikuwa amelala. Nzi walijaa kwenye maziwa. Mgwisho ulikuwa umetundikwa palepale. Mwanamke haruhusiwi kuugusa, lakini nzi hawajui hilo, naye akauchukua, akafukuza nzi, akauweka chini ili afunike kibuyu. Watoto wa mbwa wakaubeba. Alipoufuata kwenye matope akapata mpini peke yake na singa tatu.

Wiki ileile punda wake alikuwa amekufa kwa uzee. Kwao punda ni mali ya wanawake, hakuna mwanaume anayechunguza kimekwenda wapi kiungo cha punda. Akakata mkia, akaukausha juu ya moshi, akaufunga, akaushonea shanga mpya juu ya mpini wa zamani. Mzee alipouliza mbona singa zimekuwa fupi, alimwambia vitu vyote huzeeka.

"Na hajui mpaka leo?"

"Angejua angebaki anaushika?"

Nikamweleza kwamba hii ni habari njema kuliko zote nilizopata mwaka huu. Punda si nyara ya mtu, sembuse ya serikali. Aje aseme mahakamani, mzee arudi nyumbani. Akatikisa kichwa. Mbele ya Parmuat? Mbele ya rika zima, kwamba msemaji wao ameinua mkia wa punda kwenye kila baraza miaka minane, tena ameshonewa na mkewe? Kwanza lazima mzee aambiwe yeye mwenyewe, nyumbani, na atamwambia yeye.

"Lini?"

"Mvua ikikatika."

"Mama Naeku, kwa nini mvua?"

"Masika mwanaume akikasirika anakaa ndani, na nyumba yetu ni ndogo. Kiangazi anatoka na ng'ombe, anakasirikia hukohuko malishoni, jioni anarudi amemaliza."

Nimetafuta kasoro katika hoja hiyo jioni nzima. Sijaiona. Amenikataza kumwambia mzee, nami nimekubali, na sasa najuta.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Nimempigia simu Mama Naeku kuuliza kama huko kwao imekatika. Akasema anajisikia vizuri zaidi nikisubiri yeye anipigie.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Kanisani Daa. Padri ameshukuru kwa mvua, kanisa zima likaitikia amina kwa sauti ya watu wenye mahindi shambani. Mimi niliomba kiangazi. Nilikuwa peke yangu na niliomba kwa sauti ya chini, maana shemeji yangu alikuwa benchi la nyuma na ana heka nne.

Jumanne, 22 Aprili

Mheshimiwa ameamua kwamba mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Utetezi utasikilizwa tarehe kumi na mbili Mei.

Nje, chini ya upenu, nilijaribu kumsogelea mteja kwa mzunguko. "Mzee, tuseme tu, kwa mfano, ule mkia ungekuwa wa mnyama mwingine."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Nasema kwa mfano."

Akamtazama mkewe, aliyekuwa ng'ambo ya barabara anajadiliana na muuza chumvi. Akamtazama muda mrefu kidogo.

"Basi ni wa nyumbu," akasema.

"Mzee, miaka ishirini si mfano."

"Kijana, mimi nimesema nyumbu. Wewe tafuta shimo."

Leo hakucheka aliposikia ishirini. Nimeona pia kwamba mkono wake wa kulia unajisogeza wenyewe, kushoto na kulia, unafukuza nzi bila kitu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimevunja ahadi, au tuseme nimejaribu. Nimepanda huko juu kwenda kumwambia mzee mwenyewe, Mama Naeku atanisamehe kiangazi. Ukungu ulikuwa mzito hadi nikawa naendesha kwa kusikiliza. Kabla ya kijiji gari likazama mpaka milangoni.

Waliokuja kunitoa ni Mzee Senteu na rika lake lote. Wazee sita wenye wajukuu, wamevua blanketi, wanasukuma gari la wakili kupanda mlima. Gurudumu lilimrushia mteja wangu tope kutoka paji la uso hadi magotini. Parmuat akamwambia, "Sasa umefanana na nyumbu wako." Wakacheka mpaka wakaliachia gari, likarudi lilikotoka, wakaanza upya.

Nilitakiwa nimwambie mtu huyu, mwenye tope langu masikioni, mbele ya hao, kwamba ni punda. Nilikunywa maziwa niliyopewa. Nilimwona amekaa mlangoni anafukuza nzi kwa kitawi cha kichaka cha leleshwa, nzi wanatua juu ya kitawi. Mama Naeku alinitazama mara moja kutoka kwenye moshi, na kutazama kwake kulitosha. Nikaaga.

Bernadina amesema koti halitoki tope.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Jumatatu, 12 Mei

Imekwisha, na haikwenda kama nilivyopanga, ingawa kupanga ni neno kubwa. Hukumu tarehe tisa Juni. Sina nguvu ya kuandika zaidi. Koti linanuka punda.

Jumatano, 14 Mei

Mjini wananipungia mkono. Muuza vifaa vya ujenzi wa chini ya ofisi yangu ameniuliza kama ni kweli nilipeleka unywele mmoja Ulaya kwa ndege. Nikasema si kweli. Akakonyeza.

Jumatatu, 19 Mei

Leo nimesikia kwa kinyozi kwamba nilimhoji Yohani kwa saa nne mfululizo mpaka akaomba maji. Wengine wanasema nilinusa kielelezo mara moja tu, nikafumba macho, nikataja umri wa punda. Sijakanusha. Kinyozi alikuwa ameshika wembe.

Jumatano, 28 Mei

Jua. Shemeji amepiga simu kuuliza kama najua lolote kuhusu kukatika kwa mvua mapema.

Jumatatu, 9 Juni

Hukumu imesomwa asubuhi. Upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa bila kuacha shaka. Mshtakiwa yuko huru. Kielelezo kirudishwe, amesema Mheshimiwa, "kwa mwenye punda," na akamkabidhi Mama Naeku mwenyewe, naye akampa mumewe kwa mikono miwili bila kumwangalia.

Mji mzima unasema nimeshinda. Kwa kuwa shajara hii hainyolewi na mtu, nitaandika yaliyotokea kweli tarehe kumi na mbili.

Mzee alipanda kizimbani akasema mkia ni wa baba yake. Doreen alimuuliza swali moja: "Ni mkia wa nyumbu?" Mzee akatupia macho kwenye benchi, akajibu, "Ni mkia wa nyumbu." Doreen akakaa. Sikumlaumu. Hata mimi ningekaa.

Nikasimama. Nilikuwa na mpango wa kuvunja ahadi yangu palepale: nimuulize mteja waziwazi kuhusu punda, atake asitake. Mvua ilikuwa inapiga bati hata Mheshimiwa akanionyesha kwa mkono nipaze sauti. Nikasema, "Mheshimiwa, upande wa utetezi," nikakwama. Nilimwona mzee amenyoosha shingo kama mtu anayesubiri kunyolewa, na wale watano nyuma yake, na sikuweza. Hiyo ndiyo hoja yote ya wakili wenu msomi: maneno manne, kisha mdomo wazi.

Hapo mvua ikakatika. Haikupungua, ilikatika, kama mtu amefunga bomba. Kukawa kimya hadi nikasikia tone likidondoka upenuni.

Mama Naeku akasimama kwenye benchi.

"Imekatika, Wakili," akasema.

"Shahidi wa pili wa utetezi, Mheshimiwa," nikasema mimi, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akijua tangu Machi.

Doreen alipinga kwamba shahidi amekaa ndani akisikia wengine. Mheshimiwa akasema amelisikia pingamizi na atalipima, mama apande. Akaapa. Akasimulia nzi, maziwa, watoto wa mbwa, punda. Hakumtazama mumewe hata mara moja. Sauti yake ilitetemeka mahali pamoja tu, aliposema kwamba ule mpini wa baba mkwe aliuzika mara mbili na kuufukua mara mbili kabla ya kuamua kuushonea.

"Unamwokoa mumeo," akasema Doreen.

"Ningekuwa namwokoa tu, ningesema ng'ombe," akajibu Mama Naeku. "Nani anajitungia punda?"

Nilimwona Mheshimiwa akiandika hilo.

"Vueni shanga," akaendelea. "Chini ya shanga kuna ngozi, chini ya ngozi nilifunga kwa wavu wa gunia la vitunguu vya Mang'ola. Mwekundu. Baba mkwe alikufa kabla gunia la namna hiyo halijafika kwetu."

Karani akaleta wembe. Shanga zikamwagika mezani, ngozi ikafunguka, na ndani yake, wavu mwekundu wa vitunguu, mpya kama wa jana. Harufu nayo ikatoka. Mheshimiwa akainama, akanusa, akasema taratibu, kama anajiambia, "Kwetu Singida tulikuwa na wanne."

Ndipo nilipotazama benchi. Parmuat alikuwa anaingiza mgwisho wake ndani ya blanketi, polepole, macho mbele. Kisha wa pili yake. Kisha wa tatu. Mpaka karani anamaliza kuokota shanga hapakuwa na mkia hata mmoja unaoonekana katika mahakama ile, na hakuna mzee aliyemcheka Mzee Senteu, siku ile wala baadaye. Nadhani kila mmoja alikuwa na swali la kumuuliza mkewe, na hakuna aliyetaka jibu.

Mzee mwenyewe alitoka bila kusema, akatembea barabara ya kwenda juu. Mama Naeku akamfuata, hatua thelathini nyuma. Nilidhani nimewaokoa na gereza nikawavunjia nyumba.

Hilo ndilo nililodhani hadi leo saa sita mchana, mzee alipopanda ofisini kwangu peke yake, mkewe yuko chini dukani. Ndoo haipo, akakaa. Alikuwa anaugeuzageuza mgwisho wake, umeshonwa upya asubuhi hii hii, shanga zilezile.

"Kijana," akasema, "ulidhani sijui."

Bernadina akaacha kufuma.

"Nimekaa na punda tangu nazaliwa. Mvua ya kwanza tu, nilijua. Nilikuwa nimekaa barazani, wazee wote wananisikiliza, na mkono wangu unanuka punda. Tangu siku hiyo mvua ikianza nauficha ndani ya blanketi."

"Na hukumuuliza?"

"Alikuwa ameushona vizuri mno. Ungeona alivyonikabidhi." Akapitisha kidole kwenye shanga. "Nikasema, atasema mwenyewe."

"Lakini mzee, pale getini. Ungesema tu hujui."

"Mama Naeku alikuwa amesimama palepale na shanga zake. Mgeni ananiuliza ni mnyama gani, yeye anasikia. Ningesema nini?"

"Na mahakamani? Mara mbili?"

"Si alikuwa benchi la pili."

Nimekaa msimu mzima nikiandika kwamba mteja wangu ana majivuno. Nikamuuliza, kwa kuwa lazima mtu aulize, vipi kuhusu ile ishirini.

"Nilijua atasema," akajibu. Kisha akatazama mahali ilipokuwa ndoo. "Mwezi wa nne nilikuwa najua. Wa tano ulipoingia, nilikuwa nasali tu kama wewe."

Akasimama. Mlangoni akaninyooshea ule mkia. "Usimwambie kwamba nilijua. Atajiona amejificha bure."

Nikaahidi. Hii ni ahadi ya pili kwa nyumba ileile, na naiandika hapa ili iwe na pa kukaa.

Nilisogea dirishani kuwatazama wakiondoka. Manyunyu ya Juni yalikuwa yameanza, yale ya baridi, laini kama unga. Mzee hakuwa amefika barabarani mkono wake ulipouingiza mgwisho ndani ya blanketi, upesi, kwa mazoea. Mama Naeku, aliyekuwa nyuma yake, akageuka kutazama sufuria za dukani, akazitazama moja moja, mpaka mumewe alipomaliza.